Chuo cha Picha Hakichaguliwi kwa Kamera

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatangazwa, pwani yote kuanzia Kunduchi, Tegeta na Bunju hadi Bagamoyo hupitiwa na msimu wa vipeperushi. Vyuo hujisifu kwenye mabango ya barabarani na katika simu za vijana. Kila kimoja kina jengo jipya, kila kimoja kina vifaa vya kisasa, na kila kimoja kinaahidi ajira. Miongoni mwa vijana wanaoahidiwa hayo wamo wanaotaka kuwa wapigapicha, na hawataki kupiga picha kwa kujifurahisha. Wanataka kula, kuvaa na kulea familia kwa kazi hiyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la elimu ya picha methali hii imepinduliwa: kijitembezacho ndicho kinunuliwacho, na mzazi hugundua alichokinunua baada ya miaka miwili, kiwanja kimekwisha uzwa na ada imekwisha liwa.

Barazani jambo hili lina makundi mawili yasiyopatana. Kundi la kwanza lasema: tafuta chuo chenye kamera bora, chenye cheti kikubwa, na kama uwezo upo basi chuo cha ng'ambo. Kundi la pili lasema: chuo cha nini? Nunua kamera, au shika simu yako, tazama mafunzo ya intaneti, ingia kazini. Makundi haya hubishana kama mahasimu, ilhali yamekosea kwa kosa moja. Yote mawili yanadhani kwamba upigaji picha ni ujuzi wa mashine. Tofauti yao ni bei tu ya kuujua. Mshairi hakufundishwa vina na mizani kwa kununuliwa kalamu ya dhahabu, wala hakuwa mshairi kwa kuokota kalamu njiani.

Na lianzwe kundi la pili, kwa kuwa hoja yake ndiyo inayopendeza zaidi masikioni mwa watu wasio na fedha. Shahidi wake mkubwa ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akashika kamera angali mtoto, akaanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Hakuwa na shahada ya picha. Ni yeye aliyekwenda Ethiopia mwaka 1984 na kuzileta picha za njaa zilizouamsha ulimwengu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono, akarudi kazini na mkono wa bandia, na akafa mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka karibu na pwani ya Komoro. Basi, husemwa, chuo cha nini?

Yote hayo ni kweli, lakini wanaoyataja hukomea njiani. Amin hakujifunza peke yake chumbani. Alijifunza akiwauzia picha wenye magazeti, na gazeti ni mwalimu mkali: lina mhariri wa kuikataa picha mbaya na lina saa ya kufungwa isiyomngoja mtu. Tena, baada ya kifo chake, mwaka 1998 jina lake lilipewa taasisi ya mafunzo mjini Nairobi, ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya televisheni. Waliomjua kwa karibu kuliko wapiga soga wa barazani hawakumwenzi kwa kuwaambia vijana wajitegemee wenyewe. Walimwenzi kwa kufungua darasa.

Zanzibar ina ushahidi wa namna hiyohiyo, tena mkongwe zaidi. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe mwaka 1930, hakuibuka tu na kamera mkononi. Alikuwa kwanza mwanagenzi katika studio ya Gomes, iliyokuwapo Unguja tangu karne ya kumi na tisa. Hapo ndipo alipojifunzia kazi. Mwanawe Rohit akaipokea kazi hiyo kutoka kwake. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kutoka Gomes hadi kwa Oza, na kutoka Oza baba hadi Oza mwana, kilikuwapo chuo kisicho na bango wala mahafali, na mtaala wake ulikuwa ni kukaa miaka mingi karibu na mkono wa fundi.

Sasa aulizwe anayemwambia kijana wa Bagamoyo ajifunze mwenyewe: fundi huyo yuko wapi leo? Studio za mtaani zilizokuwa zikipiga picha za pasipoti, za Idi na za maharusi zimefungwa moja baada ya nyingine tangu simu ianze kupiga picha. Zilizobaki zimekuwa maduka ya kutoa nakala. Ngazi waliyoipanda akina Oza imeondolewa ukutani, na anayewaambia vijana wapande anawaelekeza kwenye ukuta mtupu. Mafunzo ya intaneti ni mazuri kwa mambo mengi, ila hayana jicho. Hayawezi kuitazama picha ya mwanafunzi na kumwambia kwa nini imekufa.

Chuo, basi, kinahitajika. Na hapa kundi la kwanza lisishangilie mapema, maana vigezo vyake vitatu havina uzito linaoudhania.

Kigezo cha cheti kina ukweli wake, na ni dhuluma kuuficha. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliunda Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za mwaka 2017 zikaifanya stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa anayetaka kutambuliwa kuwa mwandishi wa habari. Kijana anayetaka kupiga picha za habari Tanzania Bara hawezi kuipuuza sheria hiyo. Lazima chuo chake kiwe kimesajiliwa na kozi yake itambuliwe na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, au iwe ya chuo kikuu kilichoidhinishwa. Hilo aliulize kabla ya kulipa senti moja. Lakini si kila mpigapicha ni wa habari. Bwana harusi haulizi stashahada, mwenye hoteli haulizi, wala mchapishaji wa vitabu. Hao huuliza kitu kimoja: nionyeshe kazi yako. Ndiyo maana swali la kwanza halimhusu mwenye chuo. Linamhusu kijana mwenyewe. Anataka kazi ipi? Ajuaye anataka habari atafute chuo cha habari ambacho picha ni somo kamili ndani yake. Ajuaye anataka harusi, biashara, sanaa au utafiti asikubali kutumia miaka miwili akiandika insha za mawasiliano ya umma ili aguse kamera katika muhula wa mwisho.

Kigezo cha kamera hakina hata ukweli huo mdogo. Kodak iliitawala dunia ya picha kwa karibu karne nzima, na mwezi Januari mwaka 2012 ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Aliyesomea filamu zake bila kusomea mwanga alizikwa pamoja nazo. Aliyesomea mwanga alibadilisha mashine akaendelea na kazi. Leo akili unde hutengeneza picha ya jua likizama nyuma ya ngalawa bila mtu yeyote kufika ufukweni. Chuo kinachofundisha picha za kadi za posta kinafundisha kazi ambayo mashine imekwisha ichukua. Wala kamera iliyopigwa picha kwenye kipeperushi haimfundishi mtu. La kuulizwa ni hili: ni saa ngapi kwa wiki mwanafunzi mmoja huishika mkononi mwake, na nani humrudishia picha zake na kuzikosoa moja moja?

Mwanga wenyewe hausomwi kwa vitabu vya nchi nyingine peke yake. Bagamoyo iko takriban nyuzi sita na nusu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua husimama karibu utosini, likatia kivuli machoni mwa mtu na chini ya ukingo wa kofia. Magharibi ni fupi. Mwanga laini ambao mpigapicha wa Ulaya huungoja jioni nzima, huku hupita upesi. Na pwani ina jaribio lake ambalo halimo katika vitabu vingi: mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Kipimo cha kamera huona weupe mwingi, kikadhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Kanzu ikatoka nzuri na uso ukawa doa. Mpigapicha asiyefundishwa kukikatalia kipimo hicho huharibu kila maulidi, kila nikahi na kila mazishi anayoyapiga, kisha huwaambia wenyewe kwamba kamera yake ni ya bei ndogo.

Kosa hilo lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi, na ngozi nyingine zote zikajitafutia. Kwa hiyo chuo kinachokwenda kwenye mtaala wa kigeni na kuunakili hunakili pamoja nao macho ya wengine. Mzazi aombe kuonyeshwa picha za sura za watu zilizopigwa na wanafunzi wa mwaka uliopita. Akiona nyuso zimezama gizani na kanzu zinawaka, ameipata ripoti ya chuo bila kusoma ukurasa hata mmoja.

Kuna jambo zito kuliko mwanga. Pwani hii imepigwa picha tangu mapema sana. James Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kabla hajavuka pamoja na Speke kwenda Bagamoyo na kuanza safari ya bara. Baada yake wakaja wamisionari, maofisa wa Kijerumani na wafanyabiashara wa picha. Walther Dobbertin, aliyefanya kazi Dar es Salaam wakati wa utawala wa Wajerumani, aliacha hazina kubwa ambayo sasa imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 2008 hifadhi hiyo ilipoweka maelfu ya picha zake katika intaneti, za Dobbertin zilikuwamo. Anayetaka kuona nchi hii ilivyokuwa wakati wa babu wa babu yake huazima macho ya mtu aliyekuja na dola iliyomtawala babu huyo. Wapagazi wamo katika picha za enzi ile, aghalabu bila majina. Majengo yametajwa, maofisa wametajwa, mbwa wa maofisa pengine wametajwa. Mwenye mzigo kichwani ni mpagazi tu.

Chuo kisichowafundisha wanafunzi wake kuzisoma picha hizo hakiwaandai kwa kazi; kinawaandaa kuzirudia. Na kurudiwa kunaonekana. Nenda soko la samaki la Bagamoyo asubuhi majahazi na mashua yanapoingia, au Mlingotini maji yakitoka na kina mama wakiinamia kamba za mwani. Kamera zipo nyingi. Wapo wageni wenye lenzi ndefu, na siku hizi wapo vijana wenyeji wanaowaiga wageni hao: wanasimama mbali, wanapiga, wanaondoka, bila salamu. Kijana aliyezaliwa hapo, ambaye angeweza kusema “Shikamoo mama, habari za mwani?” na akajibiwa kwa dakika kumi, ameitupa silaha pekee ambayo mgeni hana. Mgeni anaweza kununua lenzi yoyote, lakini hawezi kununua kuitwa mwanangu. Chuo chema hufundisha kuomba idhini, kuandika jina la mtu kwa usahihi, kurudi na nakala ya picha, na kukubali mtu akikataa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mambo hayo yametoka kwenye adabu peke yake yakaingia pia kwenye sheria. Mwalimu asiyeyataja anamwacha mwanafunzi bila adabu na bila kinga.

Kisha kuna mkate wenyewe. Wapigapicha wengi wa pwani hawafi njaa kwa kukosa kipaji. Wanafilisika kwa kutojua mkataba. Mtu hupiga harusi usiku kucha kwa bei iliyotajwa kwa mdomo. Mwingine humpa mwenye hoteli picha mia kwa malipo ya siku moja, akazikuta miaka mitano baadaye kwenye mabango, asijue kama alizikodisha au alizigawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Ni vyuo vingapi ambavyo mwanafunzi hutoka akiwa ameandika kwa mkono wake mkataba mmoja, ankara moja na hesabu moja ya gharama zake? Kozi inayoitwa ya kitaaluma bila somo la bei ni kama kumfundisha mvuvi kutupa nyavu bila kumwambia kuwa kuna mnada ufukweni.

Kimebaki kigezo cha tatu, cha ng'ambo. Wazazi wengi huamini kwamba ubora huzidi kadiri nauli inavyozidi. Kusafiri kuna faida yake na hakuna haja ya kumzuia mwenye uwezo. Lakini vyuo viwili vilivyosifika sana katika nchi za Kusini havikuzaliwa kwa utajiri. Market Photo Workshop ya Johannesburg ilianzishwa na David Goldblatt mwaka 1989, ubaguzi wa rangi ungali madarakani, ili wale walionyimwa shule waisome picha na kuipiga. Humo alisoma Zanele Muholi, ambaye picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Pathshala ya Dhaka ilianzishwa mwaka 1998 na Shahidul Alam, mtu mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, kwa sababu Bangladeshi ilikuwa ikijulikana kwa picha za mafuriko na umaskini zilizopigwa na wapitanjia. Waanzilishi wote wawili walijiuliza swali moja: watu wa hapa wanahitaji kuona nini, na nani atakionyesha? Vifaa vilifuata baadaye.

Swali hilo linaihusu Bagamoyo moja kwa moja, kwa kuwa mji huu haukosi chuo cha sanaa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 ni wakala wa serikali unaoitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kimelea wachezaji ngoma, wanamuziki, waigizaji, wachoraji na wachongaji. Filamu nayo imeingia mlangoni. Tamasha lake la kila mwaka, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, huleta mbele ya kamera mamia ya wasanii. Panapo ngoma pana mwendo, panapo jukwaa pana taa, na nje ya ukuta kuna bahari, soko, magofu ya Kaole, mashamba ya chumvi na mji mzima wa watu wenye habari za kusimulia. Hakuna mahali pwani hii panapofaa zaidi kuwa darasa la picha mnato lililosimama lenyewe, lenye wakufunzi wake, hifadhi yake na maonyesho yake. Picha mnato isiwe mjukuu wa filamu, anayepewa saa mbili kamera ya video ikiwa imepumzika. Wizara, wafadhili na taasisi yenyewe wana deni hapo, na deni hilo halilipwi kwa kununua kamera kumi na kukata utepe.

Lakini kijana wa mwaka huu hawezi kungoja deni lilipwe. Yeye na mzazi wake waende wakakitazame chuo kwa macho yao, siku ya kazi, bila miadi. Waombe kuona kazi za wanafunzi, wala wasiridhike na kazi za mkufunzi mkuu. Wawatafute wahitimu wawili au watatu na kuwauliza kodi ya nyumba wanailipa kwa kazi gani. Waulize nani anakosoa picha na mara ngapi, uanagenzi hufanyika kwa nani na kwa muda gani, mkataba na hakimiliki vinafundishwa katika muhula upi. Waulize kama mwanafunzi hutoka na kazi moja ndefu iliyokamilika, ya mtaa mmoja au familia moja, yenye majina ya watu na maelezo ya Kiswahili kilicho sawasawa. Chuo kitakachojibu hayo kwa utulivu, hata kama madirisha yake yamevunjika, kinastahili ada. Kitakachoyakwepa na kuwapeleka wageni wake kwenye kabati la kamera kimekwisha jibu.

Usione vyaelea, vimeundwa. Jahazi linaloingia Bagamoyo kwa upepo wa kusi limepita mikononi mwa fundi, na fundi alipita mikononi mwa fundi mwingine. Pwani imekwisha pigwa picha na wapitanjia tangu siku za Grant, na katika picha hizo watu wake wengi bado hawana majina. Watakaoyaandika majina hayo wako shuleni sasa hivi, na baadhi yao wataandikishwa chuo mwezi ujao kwa sababu ya bango.